Kilichobaki Koridoni

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa milima ya Mau wakati Jamleck alipoanza kutoa magitaa yake na kuyapanga verandani.

Yalikuwa kumi na moja. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa redio, na kila Jumapili alipiga gitaa kanisani. Kila aliyekuwa na gitaa la kuuza au la kutupa pale Njoro alijua pa kulipeleka. Nyumba yao ya kupanga, ya mawe, iliyojengwa enzi za walowezi, ilikuwa na korido ndefu na kuta za kutosha kuyatundika yote. Lakini sasa walikuwa wanahamia Nakuru mjini, kwenye vyumba viwili, wawe karibu na binti yao Shantel aliyekuwa amejifungua.

"Baba Shantel, chagua matatu," mkewe Wachuka alikuwa amemwambia. "Hayo mengine yatalala wapi? Kwa kitanda yangu?"

Akachagua. Kwanza lile la kahawia alilonunua akiwa kijana, baada ya kuuza viazi vyake vya kwanza. Shingo yake ilikuwa imelainishwa na kiganja chake mpaka ikang'aa. La pili lilikuwa la nyuzi za nailoni, alilompigia Wachuka wakati wa uchumba. Wachuka hakuwa na sikio la muziki hata kidogo, kanisani watu walimwomba kwa upole aimbe kwa sauti ya chini, lakini alilipenda gitaa lile. La tatu lilikuwa na alama za meno pembeni. Shantel alilitafuna alipokuwa anaota meno.

Manane yaliyobaki yangekwenda kwa mwalimu Kimutai wa Elburgon, aliyekuwa akifundisha vijana wa kanisa lake muziki. Angempa bure. Jamleck alitaka tu yapigwe.

Kimutai alichelewa. Barabara ilikuwa na matope, na pikapu yake iliingia uani mwanga ukiwa umeshaanza kufifia. Wakapakia moja moja, wakiyafunika kwa magunia. Likabaki moja.

Lile jeusi.

Lilikuwa limetundikwa peke yake mwisho wa korido. Alipewa na mjane mmoja wa Kabazi, Wangare, siku aliyokwenda kumtengenezea redio. Lilikuwa zuri kulitazama, lakini halikuwahi kukubali kupigwa. Ukikaza nyuzi zake asubuhi, jioni unazikuta zimelegea. Na jioni lilikuwa linavuma. Mmmmm... Sauti ya chini sana, kama nyuki ndani ya mzinga wa mbali. Jamleck alikuwa anajiambia ni malori ya barabarani yanayotikisa ukuta. Wachuka hakujiambia kitu. Alifagia korido yote akaacha pale chini yake.

Jioni hiyo lilikuwa linavuma. Jamleck aliusikia mvumo tangu mlangoni. Akatembea kulielekea, akainua mkono...

Kimya.

Akalishika. Lilikuwa jepesi kama debe tupu. Aliujua uzito wake, maana ndiye aliyelitundika. Halafu ikaja harufu, udongo uliolowa na chuma chenye kutu, na kitu kikampita begani. Hakikuelekea nje. Kilielekea ndani, upande wa jikoni.

Kifuniko cha sufuria kikaanguka.

"Mama Shantel?"

Akapiga hatua mbili kuelekea jikoni.

"Mama Shantel!"

"Niko," Wachuka alisema, baada ya kitambo. "Funga huo mlango. Baridi imeingia."

Jamleck akalipeleka gitaa nje. Kimutai alilipima mkononi, akacheka. "Mzee, hili ni la karatasi?" Wakaagana. Taa nyekundu za pikapu zikapotelea kwenye miti ya mikaratusi.

Kesho yake jioni, Wachuka alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni akichambua maharagwe. Jamleck alikuwa sebuleni, akifunga vyombo kwa magazeti. Akasikia mvumo.

Mmmmm...

Akasimama. Mawazo yake ya kwanza yalikuwa kwamba hakulitoa lile gitaa, kwamba lilikuwa lingali pale. Akachungulia koridoni. Msumari ulikuwa mtupu.

Akaingia jikoni. Mikono ya Wachuka ilikuwa imesimama juu ya ungo. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Sauti ilitoka kifuani mwake, nzito, ya kiume, na haikutetereka hata kidogo. Wachuka, ambaye hakuwahi kushika wimbo mmoja hadi mwisho, alikuwa amebeba sauti moja iliyonyooka kama uzi.

"Wachuka..."

Hakugeuka. Jamleck akapiga magoti nyuma ya kiti, akaweka sikio mgongoni mwa mkewe.

Ndani, kitu kilikuwa kinakazwa.

Kri... kri... kri...

Aliujua mlio huo kuliko jina lake. Ni mlio wa nyuzi zikivutwa, moja baada ya nyingine, na mtu asiye na haraka.

Giza lilipoingia kabisa, mvumo ulikoma. Wachuka akaendelea kuchambua maharagwe. "Mbona umepiga magoti?" akamuuliza. "Umeangusha nini?"

Ikawa hivyo kila jioni. Mchana alikuwa Wachuka yule yule, akimtania jirani, akimpigia Shantel simu kuuliza mtoto amelalaje. Mchungaji alikuja mchana akaomba, Wachuka akampikia chai, wakacheka. Daktari alimpima mchana, akasema pressure iko sawa kuliko ya watu wa rika lake. Hakuna aliyeweza kufika jioni. Kila mtu alikuwa na sababu, na Jamleck hakuwa na maneno ya kuwalazimisha.

Kisha akaona mistari. Myembamba, sita, ilishuka sambamba kwenye ngozi ya shingo ya mkewe.

Akaenda Kabazi.

Wangare alikuwa amezeeka, lakini alimtambua kabla hajafika mlangoni. Hakumkaribisha ndani. Waliongea wamesimama kando ya zizi la ng'ombe.

"Umelitoa," alisema.

"Nilimpea mwalimu mmoja."

"Saa ngapi?"

"Jioni."

Wangare akafumba macho. "Basi ulimpea mbao tu."

"Mama, niambie ni nini."

"Hata mimi sijui ni nini." Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, ingawa hapakuwa na mtu. "Mzee wangu Kamande alienda kupiga gitaa harusi huko Solai. Akarudi asubuhi akipiga vile hajawahi kupiga. Sikuuliza. Aliniambia kitu moja tu, hili gitaa lisitoke kwa nyumba jioni. Mchana kinalala ndani yake. Jua likishuka kinaamka kinavuma, kisha kinatoka, kinatembeatembea nyumbani. Giza ikiingia kinarudi. Ndiyo nyumba yake."

"Na wewe ukanipea!"

"Nilikupea saa sita mchana, kikiwa kimelala. Hukuona vile nilikuharakisha? Chai yako hata hukumaliza." Akamtazama usoni. "Nilikuwa na watoto, baba. Ningekuambia, ungelichukua?"

Jamleck akauegemea ukingo wa zizi.

"Kama liko zima, lirudishe pale pale lilikuwa," Wangare alisema. "Linaweza kukivuta. Kinapenda kwake."

Alimpigia Kimutai simu akiwa angali njiani.

"Mzee, nilikuwa naona aibu kukupigia," Kimutai alisema. "Lile jeusi lilipasuka. Nilililaza tu kwa meza, sikuligusa. Asubuhi nikalikuta limefunguka lote, kama kiatu kilicholowa mvua. Bibi yangu akawashia jiko vipande vyake."

"Hakuna kipande ilibaki? Hata shingo?"

"Hakuna, mzee. Ni jivu. Lakini halikutoa moshi."

Jamleck alirudi nyumbani akiwa na wazo moja tu. Kama kile kitu kinataka gitaa, yeye alikuwa nalo. Alikuwa na matatu, bora kuliko yote aliyowahi kuyashika.

Alitundika lile la kahawia kwenye msumari wa koridoni. Mengine mawili akayasimamisha ukutani chini yake. Akakaza nyuzi vizuri, akasubiri mwanga upungue.

Wachuka alitoka jikoni polepole. Alikuwa anavuma. Miguu yake haikutoa sauti kwenye sakafu ya mbao, sakafu ambayo ililia hata ikikanyagwa na paka. Akasimama mbele ya lile la kahawia. Akalipapasa.

Nyuzi zikalegea, moja... moja... zikaning'inia.

"Hapana," sauti ilinong'ona. Midomo ya Wachuka ilikuwa imefungwa. "Hili linanuka mkono wako."

Akaligusa lile la nailoni. Nyuzi zikakatika zote kwa pamoja.

Akainama kwa lile lenye alama za meno. Alikaa nalo muda mrefu. Kidole chake kikapita juu ya alama zile, kikarudi, kikapita tena, kama mtu anayesoma. Nyuzi zake hazikulegea. Ingia, Jamleck alisema moyoni. Ingia, lichukue...

Wachuka akanyooka.

"Kumbe kuna mdogo," sauti ilisema.

Jamleck akaanguka magotini. "Niingie mimi. Niko hapa. Mwache mke wangu, niingie mimi."

"Wewe ni mzee. Una nyufa." Mvumo ukashuka, karibu uwe wa upole. "Na huyu pia ameanza kupasuka."

Hapo simu ya Wachuka ikalia jikoni.

Jamleck alijua ni nani. Alikimbia, lakini alipofika, Wachuka alikuwa ameshaishika. Hakumwona akipita.

"Mum! Mko?" sauti ya Shantel ilijaa jikoni. "Tumekuja kuwasaidia kufunga vitu. Tuko hapa kwa kona, mtufungulie mlango. Mtoto amelia njia yote, sijui ana nini."

"Mlete," alisema Wachuka. Safari hii midomo yake ilisogea, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya mchana, ya kumtania jirani. "Mlete nimshike."

"Shantel, rudi!" Jamleck alipaza sauti. "Geuza gari, urudi mjini!"

Simu ilikuwa imeshakatwa. Mwanga wa taa ukapita dirishani, ukatembea ukutani, ukatulia. Mlango wa gari ukafunguka. Kilio cha mtoto kikasikika.

Jamleck alimkamata mkewe kiunoni kwa nguvu zake zote. Wachuka alitembea tu, akamburura mpaka verandani kama mtu aliyevaa koti zito, na miguu ya Jamleck ikateleza juu ya mbao, na hakukuwa na kitu cha kushika. Shantel alikuwa anapanda ngazi akitabasamu, blanketi mikononi. Jamleck akafungua mdomo kumwonya. Harufu ya udongo na kutu ikamjaa kooni, na hakuna neno lililotoka.

Wachuka akanyoosha mikono, akapewa mtoto.

Ndipo Jamleck alipoyaona macho ya mkewe. Yalikuwa macho yake kabisa. Yalimtazama yeye, yamefunguka wazi, yakimsihi afanye kitu, na machozi yalikuwa yanatiririka hadi kidevuni.

"Mum?" Shantel akasita. "Mbona unalia?"

Mdomo wa Wachuka ukatabasamu.

"Ni furaha," sauti ilisema.