Arobaini kwa Arobaini

Asubuhi hiyo, kama kawaida, tulivua buti zenye theluji mlangoni mwa shule na kuvaa raba za ndani. Ilikuwa siku ya maonyesho ya sayansi, na mimi na rafiki yangu Colm tulikuwa tumekubaliana kudanganya.

Hapa kwetu Waterloo, mji wa wanafizikia, hata muuza kahawa atakusimulia habari za chembe pacha: hata zikitenganishwa mbali namna gani, zikipimwa majibu yake hupatana kwa njia ya ajabu. Sisi tulitangaza kwamba tungeziiga bila kupashana habari. Kila mmoja angekaa nyuma ya ubao wake, arushe sarafu, kisha ainue kadi nyeupe au nyeusi. Sarafu zote mbili zikionyesha kichwa, kadi zitofautiane, vinginevyo zifanane. Tulipocheza kwa haki nyumbani, tulipatia kama michezo thelathini kati ya arobaini, na hatukuvuka hapo.

"Kwa thelathini hatufiki mashindano ya mkoa," Colm alilalamika. "Wewe inua nyeupe daima; ukipata kichwa, kwaruza raba sakafuni, nami nitajua kadi ya kuinua. Nani atajua?"

Jaji alikuwa Daktari Szabo, mama anayechunguza chembe hizo chuoni. Nikarusha sarafu. Kichwa. Nikakwaruza raba: kwii! Kila mlio nilidhani atatusimamisha, lakini aliendelea kuandika tu. Tulimaliza na arobaini kwa arobaini. Ukumbi mzima ulipiga makofi, isipokuwa yeye.

"Greta, Colm, njooni," alituita kwa sauti ya chini. "Chembe zenyewe hupata ngapi?"

"Zote!" Colm akadakia.

"Thelathini na nne hivi. Nyinyi mmezishinda?"

Mama yangu alikuwa ameketi safu ya pili, akinitabasamia. Colm alinifinya ninyamaze, lakini niliogopa zaidi swali ambalo lingefuata.

"Ni raba yangu, Daktari," nilisema, machozi yakinilengalenga. "Nilikuwa nampa ishara."

"We Greta! Umetuchoma!"

"Ishara moja tu kila mchezo?" Daktari Szabo aliuliza.

"Moja tu."

Alifuta alama zetu zote. Kisha akachukua karatasi mpya ya alama na kutuambia turudie mbele ya watu, tukieleza kila mlio. Nilikwaruza raba huku uso ukiniwaka kwa aibu. Wenzetu walicheka, halafu wakaanza kuuliza maswali. Tulishika nafasi ya tatu. Mkoani huenda nafasi mbili za kwanza tu.

"Mnajua mlichogundua?" Daktari Szabo alituambia tulipokuwa tukiondoa mbao zetu. "Kwamba ishara moja ndogo inatosha kuzipita chembe pacha. Wenzangu walikesha kwa swali kama hilo. Nyinyi mlikuwa na jibu zuri mikononi, mkalificha ili mpigiwe makofi kwa jibu la uongo. Msirudie, wanangu. Semeni mlivyofanya, hata mkiwa mnatetemeka."