Hodi Kifuani

Sitii chumvi hata kidogo. Haya yalimpata rafiki yangu wa chuo, nami nilikuwa meza ileile. Tulikuwa tukijiandaa kwa mtihani wa baiolojia wa katikati ya muhula, mada ya moyo, katika maabara isiyo na dirisha. Ameweka stethoskopu kifuani mwake, anasikiliza mapigo, mara umeme ukakatika. Giza totoro. Feni ikalia kwi, kwi, ikanyamaza.

"Jamani, moyo wangu unagonga vibaya," akaninong'oneza. "Ngo, ngo, ngo, halafu kimya. Kama mtu anapiga hodi."

"Si umjibu basi," nikamtania.

Akacheka, na kwa mazoea tu akasema, "Karibu."

Kicheko kikamkatika.

Umeme uliporudi, alikuwa analia. "Hagongi tena. Nifanyeje sasa?"

Mtunza maabara aliyekuja kutuangalia akasema ni woga wa mtihani tu, anywe maji. Nikavaa stethoskopu ili nimhakikishie kwamba hana kitu.

Moyo sikuusikia. Nilisikia mlango ukifungwa polepole, kisha kiti kikivutwa, na mtu akikaa.