Pumzi ya Pawasaplai

Pawasaplai, lile boksi la kuipa kompyuta umeme, ilikuwa juu ya meza ya karakana, haijachomekwa popote, na feni yake inazunguka.

Fundi, binti aliyezoea kuamini mita kuliko maneno ya watu, alitazama waya wa umeme. Ulikuwa bado umekunjwa mkononi mwake. Akasogeza kiganja. Upepo uliotoka kwenye lile boksi la bati ulikuwa vuguvugu, tena na unyevu, kama mtu mwenye jino bovu anakuhemea usoni. Akajifuta kwenye suruali. Kiganja kikaendelea kunata.

Mjomba wake, mwenye karakana, alisema ni chaji iliyobaki. Fundi akamwonyesha mita: volti kumi na mbili, zimetulia tuli, bila kuchomekwa umeme. Tena mjane aliyeileta alisema wazi kwamba mumewe alikutwa amekufa, uso kaulaza nyuma ya kompyuta ilimotoka pawasaplai hiyo. Basi irudishwe, Fundi akasema. Lakini mjomba ana kipimo chake, na nani wa kumwambia kitu? Kila pawasaplai lazima ipite puani kwake. Asiposikia harufu ya kuungua, anaipitisha. Miaka yote hiyo mita ipo, yeye ananusa.

"Mjomba, hiyo usiinuse," Fundi alinong'ona. "Nakuomba."

"Wewe na mita yako. Jini gani likae kwenye bati?"

Akainama, akabandika pua kwenye matundu, na feni ikasimama, kisha ikaanza kuzunguka kinyume, ikivuta, ikivuta midomo yake na mashavu yake hadi yakafura ndani ya matundu ya bati, na Fundi akamkamata mabega akavuta huku kutoka ndani kukija sauti ya kumeza, na kitu laini cha kijivu, kilichojaa vumbi na nywele zilizogandana kama uchafu wa bomba la bafu, kikachomoza, kikamlamba ulimi, kikarudi ndani taratibu kama kilichoshiba.

Mjomba aling'oka kwa mlio wa kunata, uso mzima ute.

Feni ikafa. Mjomba akajipangusa kwa shati, akacheka, akasema si unaona, haina harufu yoyote. Aliyenuka sasa alikuwa yeye. Fundi akatapika kwenye ndoo ya taka.

Asubuhi mke wa mjomba alimpigia Fundi simu, sauti chini kama mtu aliyejifungia chooni. Alisema mumewe amelala fofofo, hana homa, ila nyumba yote inanuka, naye amekesha akimsikiliza.

"Mwanangu, anatoa pumzi tu, mfululizo, ya moto. Tangu jana sijamsikia akivuta ndani."