Kinachogonga Gia ya Tatu

Taisto Heikura, fundi magari, alikuwa jirani yetu, na kama kuna mtu aliyetudharau sote sawasawa bila kubagua, ni yeye. Mchungaji wa kanisa, Taisto alimwita mchuuzi wa mbingu. Wateja wake aliwaita kondoo, mbele ya macho yao, huku mkono umenyooshwa kupokea funguo. Na sisi kondoo tulirudi tu, kwa sababu gereji nyingine ilikuwa mbali, na wakati wa baridi gari likikufia njiani unaweza kufa nalo.

Siku ninayoisimulia, ya Februari, ilianza kwa utulivu. Theluji ilikuwa imelala juu ya misonobari, ziwa limeganda jeupe mpaka ng'ambo. Taisto alikuwa amekalia ndoo, anakunywa kahawa na kutafuna mkate wa iliki, Raakel Tolonen alipoingia na kigari chake cha bluu. Raakel ni muuguzi anayezunguka vijijini kuhudumia wazee. Kigari hicho kikuukuu aliuziwa na Taisto huyohuyo kabla ya Krismasi.

"Giaboksi inapiga kelele," alisema.

"Giaboksi haipigi kelele, dada. Dereva ndiye anayeipigisha."

"Sitanii, Taisto. Ni gia ya tatu tu."

"Inavuma, inasaga au inagonga? Maana nyinyi kila kitu kwenu ni kelele."

Raakel alifikiri kidogo. "Inagonga. Kama mtu anayepiga hodi."

Taisto alicheka mpaka kahawa ikampalia. "Basi ungemkaribisha!"

Alimwachia Raakel ile ndoo na mabaki ya kahawa, akaingia garini. Tumpe haki yake: kazi aliijua. Aliwasha injini gia ikiwa huru, akasikiliza. Bearing, ile pete ya gololi inayobeba shafti ya mbele, ikichoka huvuma hapohapo, na ukikanyaga klachi hunyamaza. Hapakuvuma kitu. Akakanyaga klachi; kama ingekuwa bearing ya klachi, ingelia sasa. Kimya. Akatoka nalo kwenye barabara ya ziwani, akitabasamu peke yake, akitunga maneno atakayomrushia yule mwanamke akirudi.

Gia ya kwanza, laini. Ya pili, laini. Akaingiza ya tatu.

Ko. Ko. Ko.

Jino limekatika, alijisemea. Lakini jino la gia likikatika hugonga kwa kufuata mwendo. Ukikaza mwendo, nalo hukaza. Taisto akakanyaga mafuta. Kile kitu hakikuharakisha. Akapunguza. Hakikupunguza. Kiligonga kwa mapigo yake, mazito, ya kuchoka, kikapumzika, kikaanza tena. Na haukuwa mlio wa chuma kwa chuma. Taisto amesikia chuma maisha yake yote. Huu ulikuwa mlio wa ngumi juu ya kioo.

Akasimama kando ya ziwa, akatoa gia, akazima injini.

Ko. Ko.

Hapo alijua, maana yeye peke yake ndiye aliyejua ile giaboksi ilitoka wapi.

Aprili iliyotangulia, Oiva Piirainen, kijana mpole mwenye haraka, alikatiza ziwa kwa gari juu ya barafu iliyokwisha kulainika kwa jua. Gari likazama naye. Wavuvi waliokuwa juu ya barafu walimsikia akigonga kioo chini ya miguu yao, na hawakuweza kumfikia. Gari lilipovutwa lilipelekwa kwa Taisto lisubiri kwenda kupondwa. Mama yake Oiva, Hilja, alikuja na viatu vya kanisani, akasimama mlangoni.

"Lipondwe lote," alimwambia. "Usitoe hata skrubu moja, nakuomba. Hilo ni jeneza la mwanangu."

"Mama, chuma ni chuma. Nenda nyumbani kapumzike."

Hakuwa hata amefika barabarani, na Taisto tayari anachagua spana. Giaboksi ilikuwa nzima, kwa nini ikaliwe na mashine ya kuponda? Aliiosha, akaipa bearing mpya na oili mpya, akaifunga kwenye kigari cha bluu. Aliposimulia baadaye, alisema kwamba usiku ule alilala fofofo.

Sasa, pale kando ya ziwa, hakuogopa. Alikasirika, kama anavyokasirika kila kitu kinapomkatalia. Akarudi gereji.

"Bearing," alimwambia Raakel. "Niachie gari."

Raakel alimtazama. Akauliza kwa sauti ya chini, "Taisto, hii giaboksi ilitoka wapi?"

"Kiwandani. Zote hutoka kiwandani."

Raakel akaenda kusubiri basi, na kwa hasira ya kupuuzwa vile akausahau mkoba wake wa dawa kiti cha nyuma.

Taisto akaliinua gari kwa jeki kubwa, akaweka beseni chini, akafungua nati ya kumwagia oili. Ilitoka oili safi, rangi ya asali. Kisha ikageuka kama maziwa. Maji yameingia, aliwaza, mwanamke kapita kwenye dimbwi. Kisha yakatoka maji matupu. Beseni likajaa. Giaboksi ile haibebi hata nusu ya beseni. Maji yakaendelea kutoka, meusi, ya baridi, yenye harufu ya tope la chini kabisa la ziwa, na ndani yake mna vipande vya barafu.

Akarudisha nati kwa nguvu. Kiganja chake kikiwa bado juu ya chuma, kitu kikakigonga kutoka ndani.

Mtu mwingine angekimbia. Mtu mwingine angeomba radhi. Taisto Heikura aliinamisha uso wake karibu na ile giaboksi, akasema, "Nyamaza, kijana. Hata ulipokuwa hai hukujua kuendesha."

Kugonga kukakoma.

Taa ya dari ilikuwa inawaka. Redio ilikuwa inatangaza hali ya hewa. Kisha redio ikawa kama imefunikwa blanketi.

Ndani ya gari, juu yake, mkono wa gia ukasogea. Klak. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Magurudumu yakaanza kuzunguka hewani, taratibu.

Akarudi nyuma. Maji yalikuwa yamefika vifundoni. Akaenda mlangoni. Mlango ulikuwa mzito, kama unasukumwa kutoka nje. Maji magotini. Kiunoni. Baridi yake ilimkata pumzi. Akafika dirishani, lile linalotazama nyumba zetu. Alituona. Alimwona mke wangu akikung'uta zulia juu ya theluji. Akagonga kioo. Akapiga kelele, sauti ikarudi mdomoni mwake. Maji kifuani. Akagonga. Shingoni. Akagonga.

Nasi tulisikia. Siwezi kusema hatukusikia. Ko, ko, ko, mchana kweupe. Mke wangu aliinua kichwa, akasema, "Heikura huyo anatwanga vyuma vyake." Nikamjibu, "Mwache atwange." Hakuna aliyemjali kiasi cha kuvuka uwanja.

Raakel ndiye aliyerudi, kufuata mkoba wake. Mlango ulifunguka kwa kidole. Sakafu ilikuwa kavu, ina vumbi lake la siku zote. Taisto alikuwa amelala chini ya dirisha, nguo zimelowa na kuganda juu ya mwili, ngumi zimepasuka, midomo ya bluu. Raakel alimpindua, akamkandamiza kifua, na maji yakamtoka yenye majani membamba ya ziwani. Hospitali walimuuliza alizama wapi.

Fundi wa mjini aliifungua giaboksi. Gia nzima, bearing mpya, kavu ndani kama chungu kipya. Hakuona tatizo. Ikapelekwa kupondwa ikiwa nzima, na Hilja, habari zilipomfikia, akaja kusimama pale na viatu vyake vya kanisani, hakuondoka mpaka mashine ikanyamaza.

Taisto aliishi. Mwenyewe ndiye aliyetusimulia, kwa kunong'ona, kwa sababu sauti haikurudi yote. Kwa Hilja hakwenda. Watu kama yeye wanaweza kufa na kufufuka bila kujifunza kuomba msamaha. Alipoulizwa alisema yule kijana alikuwa "mpumbavu wa barafu", na akaangalia pembeni.

Julai, katikati ya kiangazi, tulikuwa sauna pamoja, kile chumba cha kuogea mvuke, wanaume watatu na yeye, mawe mekundu, jasho linatiririka, joto la kuchoma masikio. Taisto akaanza kukohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, ameinama, kisha akatema kitu kiganjani na kukifunika upesi. Nilimshika mkono, nikaufungua.

Kilikuwa kipande cha barafu, chenye ukubwa wa kucha. Nilimwaga maji juu ya mawe, mvuke ukatufunika sote, tukasubiri utawanyike.

Kilikuwa bado pale kiganjani. Hakikuwa kimeyeyuka hata pembe.