Rundo Moja la Magodoro

Uvumi ulioninyima raha ni kwamba ghala la magodoro lina jini linalonyonya gesi. Mtungi mpya, siku nne tu, mtupu. Nikamsihi binti yangu, mtunza stoo wa pale, aache kazi. Akanicheka. Jumatatu asubuhi hakucheka: magodoro arobaini yameloa chapachapa, moto haukuwaka hata wa kiberiti, na ufunguo wa chumba cha valvu ya kufungulia maji anao yeye. Meneja akaita polisi.

Alikuja inspekta mwanamke, mfupi, viatu vyake vinasikika kabla yake. Akataka kwanza aelezwe mitambo. Fundi wa mitungi, mzee waliyempa jina la Babu Geji, akamweleza: mabomba ya kuzimia moto yamejaa gesi isiyowaka, na gesi ndiyo inayoyazuia maji pale kwenye valvu. Gesi ikipungua, valvu hufunguka.

"Au ifunguliwe na mwenye ufunguo," meneja akadakia, akimtazama binti yangu.

Inspekta alikuwa akitazama juu. Rundo moja tu ndilo lililoloa, chini ya kiungo kimoja cha bomba. Akasema valvu hata ifunguliwe na nani, maji hubaki bombani, maana midomo ya mabomba hufunguliwa na joto la moto tu. Yakidondoka, pana tundu. Na penye kutoka maji, gesi ilitangulia.

Akaamuru gesi ijazwe upya, akapanda ngazi na sifongo ya maji ya sabuni. Povu likavimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Kiungo kilikuwa kikifoka kama nyoka. Hata meneja alisikia.

"Nani hukagua?"

"Mimi, kila Ijumaa," akasema Babu Geji, akimtazama inspekta mdomoni. Fomu zote zilisema hakuna uvujaji.

"Kwa sabuni?"

"Sabuni ni ya wanagenzi. Mimi hutega sikio. Miaka thelathini."

Inspekta akashuka, akapita nyuma ya mzee, akasema taratibu, "Babu, suruali yako imechanika nyuma."

Wote wakageuka kutazama, isipokuwa mwenye suruali.

Akamzunguka, wakatazamana. "Masikio yalikuacha lini?"

Mzee akavua kofia. "Mwaka jana, mwanangu. Niliona haya. Fundi wa sikio asiyesikia ni nani tena? Nikawa naandika tu."

"Na huyu binti angefungwa?"

"Nilikuwa natafuta ujasiri wa kusema."

"Ulichelewa kuutafuta, Babu."

Meneja alimwomba binti yangu radhi mbele ya watu. Mzee alikemewa, lakini hakufukuzwa kazi, akapewa ndoo na brashi. Naambiwa sasa anapaka sabuni hata vitasa vya milango.

Lakini mimi ni mama, sijatulia. Mnaofanya kazi chini ya mabomba hayo, epukeni haya:

Kukagua kiungo kwa sikio bila sabuni.
Kusaini fomu ya kazi usiyoifanya.
Kubadilisha mtungi unaoisha upesi bila kuuliza gesi inakwenda wapi.
Kuingia peke yako chumba cha mitungi kisicho na hewa. Gesi ile haina harufu, utaanguka kabla hujaita mtu.
Kumcheka mtu mzima anayesema "Hebu rudia, sijakusikia."