Fundi Sauti na Mbuzi wa Daktari

Mnadani siku ile kulikuwa na vumbi, makelele, na mwanamume mmoja wa shati la bluu lililonyooshwa pasi, amechuchumaa akimwelekezea mbuzi kipaza sauti. Daktari wa mifugo alicheka hadi akasahau alichofuata.

"Kaka, unamhoji?"

"Namrekodi, nina tangazo la redio. Ila anaringa kama wewe."

Basi, yakaanzia hapo. Fundi sauti alikuwa na sikio kali, na daktari alilihitaji. Kazini kwake alikuwa na mbuzi waliopooza uzi mmoja wa sauti kooni. Wakilia, hutoka pumzi tu. Nusu yao aliwapachika kipande cha silikoni kuusogeza ule uzi ukutane na mwenzake, nusu gegedu, ule mfupa laini wa masikio yao wenyewe. Kitakachoshinda ndicho kitakachojaribiwa kwa watu waliopoteza sauti. Silikoni alikuwa ameihangaikia miaka, akiichonga kwa mkono wake. Fundi angesikiliza rekodi na kutoa alama bila kujua nani kawekewa nini.

Wakapendana, weee! Simu haziishi.

"Malaika wangu, umekula?"

"Nimekula, mpenzi."

"Na shemeji zangu wenye pembe hawajambo?"

"Yule mweusi leo kalia, acha tu! Nimetaka kumbusu!"

Hapohapo daktari akajiziba mdomo. Furaha yote ile, na fundi anajua anavyoipenda silikoni, atashindwaje kujua mweusi kawekewa nini? Akamwondoa mweusi kwenye utafiti, na simu za fundi hakupokea tena. Alitamani kumweleza, lakini alijijua: akiisikia tu ile sauti, ataropoka mengine. Alilia, akanawa uso, akarudi kazini.

Fundi alipomaliza alama zake alizipeleka mwenyewe bandani, kanuna.

"Kama umepata mwingine sema, nijue moja."

"Mwingine nani, jamani! Niliogopa utaipendelea silikoni kwa ajili yangu."

"Ndiyo ukaninyamazia? Nimekonda bure!"

"Nisamehe, mpenzi. Ningekuambia mapema, nimekosa."

"Yaani ulikuwa tayari kunipoteza kwa ajili ya mbuzi?"

"Kwa ajili ya watu wasioweza hata kuwaita watoto wao. Lete alama."

Akazilinganisha na orodha yake ya nani kawekewa nini, akarudia. Gegedu lilikuwa limeipita silikoni mbali sana.

"Nimekuumiza?" Fundi alimsogelea. "Ningejua, pengine ningekuonea huruma."

"Najua. Ungenipa ushindi wa uongo, na mimi ningeupokea." Akajifuta machozi kwa mkono wa koti jeupe. "Silikoni naiacha. Kesho naanza na gegedu, sirudi nyuma."

"Na mimi?"

"Wewe nioe."

Fundi akatazama huku na huku, mbuzi wanatafuna majani. "Hapahapa bandani unaniambia?"

"Hapahapa. Unanioa, hunioi?"

"Nakuoa," akasema fundi, na sauti yenyewe ilimkauka.