Buti za Uwandani

Walikutana siku ya usajili, ukumbi umefurika, mwanafunzi wa uzamivu alipomkanyaga kijana mmoja aliyevaa koti la bluu lenye bisibisi mbili mfukoni. "Samahani kwa kuweka mguu wangu hapo, Daktari," kijana akasema. Alikuwa fundi wa maabara ya jiofizikia, na chuo kizima kilimwita Bisibisi. Msichana hakuwa daktari bado, ila jina lilimkaa.

Mwezi wa nne wa mapenzi yao, Daktari alipoanza kupima usumaku wa ardhi, Bisibisi alimnunulia buti nyeusi zisizoogopa jiwe. Alizivaa kwa majivuno, na suruali ya kaki na kilemba chekundu.

Vipimo vikaharibika. Uwanja wa nyuma ya maabara, unaotumika kufundishia mwaka wa kwanza, ulimpa namba zilizorukaruka kila hatua. Zilibaki siku tisa kabla ya kukabidhi tasnifu. Bila namba safi, miaka minne ingekwenda na maji. Alimlaumu Bisibisi kwamba hakukirekebisha chombo cha kupimia usumaku. Bisibisi akaapa amekikagua mara mbili. Daktari akamjibu mbele ya wanafunzi kwamba mapenzi hayarekebishi chombo, kisha akamwomba profesa fundi mwingine.

Simu zikanyamaza siku tano.

Siku ya sita aliacha kulalama, akapima. Alisimika chombo uwanjani, akasimama kando yake, akavua saa, mkanda, hereni. Namba haikubadilika. Alipovua buti na kuzitupa mbali, ikashuka, ikatulia.

Akapiga simu. "Buti ulizoninunulia zina chuma kwenye ncha."

"Na mimi ndiye fundi," akasema Bisibisi. "Nicheke au nilie?"

"Njoo uandike namba. Imebaki mistari arobaini ya uwanja ya kutembea na kupima upya."

"Miguu mitupu kwenye yale mawe, laazizi?"

"Miguu itapona. Tarehe haisogei."

Akaja. Wanafunzi walewale walikuwa wakitoka darasani, na Daktari akamwomba radhi wote wakisikia. Kisha akatembea, akisoma namba, Bisibisi akaandika. Kwenye mstari wa thelathini, bila kuinua macho daftarini, fundi akamwuliza kama angekubali kuolewa naye.

"Usinipotezee hesabu," Daktari akasema, akaendelea kwa nyayo zilizochubuka.

Jua lilikuwa limeinama alipofika kigingi cha mwisho cha mstari wa arobaini. "Elfu thelathini na tatu, mia nne na kumi na mbili," akasoma. "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Basi funga daftari. Nimekubali."